Fahamu: Kwa nini tovuti yako mpya haionekani Google

Umefungua tovuti ya mapishi ya Pemba, umeandika hadi usiku wa manane, ukaitafuta Google: haipo. Si lazima umekosea. Unapotafuta, Google haipekui intaneti nzima. Inapekua faharasa yake, na ukurasa usiomo humo ni kama kitabu kisichoorodheshwa maktabani.

Anayekusanya kurasa ni Googlebot, programu inayotembea kutoka kiungo hadi kiungo. Tovuti mpya haina viungo vya kuielekezea, hivyo inaweza kusubiri siku kadhaa, hata wiki. Ipeleke mwenyewe: jisajili Google Search Console, ni bure, uwasilishe ramani ya tovuti (sitemap), yaani orodha ya kurasa zake. Kwanza kagua mipangilio. WordPress ina kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiingie, na ni rahisi sana kukisahau kikiwa na tiki.

Kupanda juu kwenye matokeo ni kazi nyingine. Tangu waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walipoeleza PageRank, njia yao ya kupima umuhimu wa kurasa kwa viungo, mwaka 1998, kiungo kutoka tovuti inayoheshimika kimekuwa kama kura. Anayekutaka ulipie nafasi kwenye matokeo ya kawaida, mkatalie, Google haiziuzi. Afadhali uandike kwa kina namna ya kupika mkate wa kumimina, vipimo vyote, picha zako mwenyewe.