Ampli ya besi nyumbani: masikio, umeme na usingizi wa jirani



Ni saa nane ya mchana katika kambi. Nyumba mbili zimeshikana ukuta kwa ukuta. Upande mmoja kijana anajifunza gitare ya besi, sababu Siku ya Mungu anapashwa kupiga na korali. Upande wa pili kuna baba aliyetoka posti ya usiku, amelala. Kijana haoni kosa lolote: sauti ameiteremsha, mlango ameufunga, mama yake jikoni anazungumza bila kupaza sauti. Lakini kitanda cha jirani kinatetemeka. Na usiku huu yule baba atapanda tena lori kubwa la mgodi akiwa na macho mazito.

Wengine watacheka kwamba ukurasa wa usalama unazungumza leo juu ya muziki. Kununua ampli si habari ya muziki peke yake. Inagusa usingizi wa mtu wa posti ya usiku, inagusa masikio, tena inagusa umeme wa nyumba. Mtu akichagua vizuri mbele ya kulipa, ataepuka taabu nyingi zisizotengenezeka nyuma.

Kwanza tuelewe sauti ya besi yenyewe. Uzi wake mnene kabisa, ule wa mi, hutetemeka mara 41 hivi kila sekunde. Wimbi la sauti kama hiyo katika hewa lina urefu wa zaidi ya metri 8. Maneno ya mtu na kilio cha mtoto vinapungua sana vikikuta ukuta wa matofali, lakini wimbi refu hivyo linapita. Kutundika blanketi ukutani hakusaidii. Kuweka ampli juu ya godoro dogo la sponji, isiguse sima, kunasaidia kidogo, maana mtetemo mwingine unatembea ndani ya sakafu. Dawa ya kweli ni tundu dogo la kuchomeka kaske ya masikio, lile linalozima bafle mara moja. Kama ampli haina tundu hilo, na wewe unakaa kambini, iache dukani, hata kama bei yake ni nzuri.

Sasa wati. Hapa ndipo wauzaji wanapowashika vijana. Kijana anaambiwa: «Chukua ya wati 100, ile ya 25 ni ya watoto.» Ukweli ni huu: ampli ya wati 50 haipigi mara mbili ya ile ya wati 25. Tofauti yao ni desibeli 3 tu, sikio linaisikia kidogo. Ili sauti ionekane kuwa mara mbili, unahitaji karibu mara kumi ya wati. Kwa chumba cha kambi, wati 10 mpaka 30 zinatosha, na bafle ya sentimetri 20 ama 25. Fender Rumble 25, kwa mfano, ina wati 25, bafle ya sentimetri 20, na tundu la kaske. Ukiona kwenye karatoni imeandikwa «PMPO 1000», geuka, ama ucheke na muuzaji: hizo si wati zinazopimwa na fundi. Tafuta maneno «wati RMS».

Tena usidanganywe kuchukua ampli ya gitare ya solo ama redio ya nyumba. Polepole zitapiga. Lakini nyuzi nene za besi zinasukuma karatasi ya bafle mbali sana, na siku utakapoongeza sauti, itapasuka.

Tufike kwenye masikio, na hapa ninaomba wale wanaofanya kazi penye mashini wasome mara mbili. Kipimo kinachofuatwa na wataalam wengi wa afya ya kazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kelele ikipanda desibeli 3, wakati unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Kwa desibeli 100 inabaki dakika 15. Mashini ya mkono ya kutoboa mawe mara nyingi inapita desibeli 110. Maana yake, mtu aliyemaliza posti karibu na mashini kama hiyo, na ambaye hakuvaa vifuniko vyake sawasawa, amekwisha kula posho yote ya kelele ya siku ile, na ya siku zingine mbele. Akifika nyumbani na kufungua ampli, anakula deni.

Kuna hatari nyingine, nayo imefichama. Sikio lililotoka kwenye kelele linachoka, linasikia kidogo kwa saa kadhaa, pengine mpaka kesho yake. Mwenye sikio hajui. Anaona ampli inapiga chini kuliko jana, anazungusha butoni. Kumbe ampli ni ile ile, ni sikio lake ndilo lililoshuka. Kwa hiyo fanya hivi: siku ya mapumziko, asubuhi, ukiwa umelala vizuri, weka sauti mahali unaposikia kila noti bila taabu, na mtu aliye mbele yako aweze kusema nawe bila kupaza sauti. Kisha omba mama rangi yake ya kucha, tia nukta moja pembeni ya butoni. Jioni ukitoka kazini, usipite ile nukta. Ukiona haitoshi, masikio yanakuomba kulala.

Mpigaji besi ana bahati mbaya yake peke yake. Kelele huanza kuharibu sikio upande wa sauti za juu, karibu na mitetemo 4000 kwa sekunde, pale ambapo tunatofautisha «sa» na «fa», «ta» na «ka». Nyuzi za besi ziko chini kabisa, mbali na pale. Basi mtu anaendelea kusikia gitare yake vizuri, anajisifu kwamba masikio ni mazima, na huku haelewi tena mtoto anasema nini mezani. Sehemu hiyo ya sikio ikikufa hairudi, hata kwa dawa za hospitali. Ukisikia masikio yanalia «nziii» nyuma ya kazi ama nyuma ya mazoezi, usipige siku ile, na uende kwa munganga kama mlio hauishi.

Kaske nayo si mlinzi. Inalinda jirani, haikulindi wewe. Teremsha sauti mpaka sifuri mbele ya kuivaa, kisha panda polepole. Ndani ya kaske ndogo za bei rahisi besi inasikika nyembamba, na ndiyo maana watu wanaongeza. Nunua ile kubwa inayofunika sikio lote. Mtu aliyesimama karibu nawe asisikie unachopiga. Akisikia, ni mno.

Jambo la tatu ni umeme, na hapa si masikio, ni uhai. Nyuzi za gitare ya umeme karibu zote zimeunganishwa, kwa waya mdogo ndani, na chuma cha ampli. Chuma cha ampli kinapashwa kuunganishwa na tere, yaani waya wa rangi ya kijani na manjano unaoshuka mpaka udongoni. Kama tere iko, umeme ukipotea njia unakimbilia udongoni na dijonkteri inaanguka. Kama tere haiko, umeme unangoja kwenye nyuzi. Unangoja mkono wako, na miguu yako mitupu juu ya sima yenye maji.

Wanamuziki wakubwa wamekufa hivyo. Leslie Harvey, mpiga gitare wa kundi la Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, mwezi wa Mei 1972, alipogusa mikrofoni isiyo na tere nzuri. Keith Relf, mwimbaji wa Yardbirds, alikufa mwezi wa Mei 1976, naye hakuwa jukwaani: alikuwa nyumbani kwake na gitare yake, kama yule kijana wetu.

Vyombo vingi vinavyouzwa kwetu vinapita Kasumbalesa, na vinakuja na vichwa vya Zambia ama vya Afrika ya Kusini, vyenye miguu mitatu. Havingii katika prizi zetu. Basi mtu anakata kichwa, anaweka cha miguu miwili, na waya wa kijani na manjano anaukunja nyuma. Pale pale ameua tere. Ita fundi wa umeme aweke kichwa chenye nafasi ya tere, na kwanza apime kama prizi ya nyumba ina tere ya kweli, maana katika nyumba za zamani prizi zingine hazina. Mwombe tena aweke dijonkteri ya diferansiyeli ya miliamperi 30. Ampli zenye alama ya mraba ndani ya mraba, ama zile zinazotumia adapta ndogo ya ukutani, hazihitaji tere, zimetengenezwa hivyo.

Angalia nyuma ya ampli imeandikwa volti ngapi. Yetu ni 220. Iliyotengenezwa kwa Marekani ni ya 120, na ukiichomeka kwetu itatoa moshi mbele ya wimbo wa kwanza. Ampli ya zamani ya taa za kioo usiifungue, hata kama umechomoa waya: ndani yake umeme wa mamia ya volti unaweza kubaki umelala.

Delestaji je? Umeme ukikatika, chomoa ampli, usingoje urudi kwa nguvu. Na usiingize grupu ndani ya nyumba ama barazani ili uendelee kupiga: moshi wake unaua watu wakiwa wamelala, bila harufu ya kuwaonya. Zilitengenezwa ampli ndogo za besi za mawe ya redio, kama Roland Micro Cube Bass RX inayotumia mawe sita ya AA. Sauti yake ni ndogo, lakini haina habari ya prizi wala tere.

Siku ya kununua, nenda na gitare yako mwenyewe na waya wako. Piga mi ya chini kabisa kwa sauti ya katikati, usikilize kama kuna kitu kinachochakachaka ndani. Ondoa mikono kwenye nyuzi: kama mvumo unaongezeka sana na ukigusa unapungua, uliza fundi juu ya tere mbele ya kutoa franka. Chomeka kaske, hakikisha bafle imenyamaza kabisa.

Na kijana ambaye franka hazijatosha asikope. Egemeza kichwa cha gitare, pale penye funguo za nyuzi, juu ya mlango wa kabati ya mbao, upige. Mbao zitaimba, utasikia kila noti, na ukiweka kitambaa kati yao kabati haitachubuka.