Moteri imechoka: tuikate ao tuiache?

Wandugu, silinda, pistoni na bieli tulizisoma kwenye ubao, tukapasi egzameni. Mu garaji swali inakuja vingine. Moteri ya zamani inakunywa mafuta, inatoa moshi ya buluu, na mwenye gari anauliza kama bloki inaweza kupigwa alezaji, ni kusema kupanua silinda ili zipokee pistoni kubwa zaidi. Mafundi wengi wanajibu palepale: "Ndiyo, tupige 1 mm." Mimi nasema tungoje kwanza. Chuma ikishatoka hairudi. Bloki moja inaweza kuokolewa mara mbili ao kuuawa siku moja, na tofauti iko kwenye vipimo.

Tuchukue moteri 2F ya Toyota, ile ya esansi, silinda 6, iliyokuwa mu Land Cruiser nyingi za miaka ya 1970 na 1980. Ikiwa mupya, kila silinda iko na upana wa 94 mm. Silinda zimechongwa ndani ya chuma ya bloki yenyewe. Hakuna shemizi ya kuchomoa na kubadilisha.

Jambo la kwanza la kujua: silinda haiishi sawasawa. Inaisha zaidi kule juu, pale segma zinageukia, kwa sababu kule joto na presha ni kali na mafuta ni kidogo. Tena, bieli inasukuma ikiwa imeinama, kwa hiyo pistoni inaegemea upande mmoja wa ukuta. Matokeo ni silinda pana juu kuliko chini, na isiyo duara kamili.

Ndiyo maana kupima mara moja haitoshi. Tunachukua komparateri na palmeri, tunapima urefu tatu: juu chini kidogo ya ukingo ambao segma hazikugusa, katikati, na chini. Kila mahali tunapima mara mbili: kufuata urefu wa bloki, kisha kuikata msalaba. Silinda 6, vipimo 36. Bloki na vyombo vilale mu chumba kimoja usiku mzima. Bloki ya 94 mm ikipanda digri 10, inaongezeka karibu 0.01 mm, na hapa tunabishana juu ya mia za milimita.

Sasa hesabu ambayo watu wanaruka. Silinda ikipimwa 94.30, wengi wanasema: imeisha 0.30, basi pistoni ya 0.50 itatosha. Haina vile. Mashini ya alezaji inafaa kufuata katikati ya zamani. Kama ile 0.30 yote imeisha upande mmoja, itabidi kukata 0.30 upande ule, na 0.30 ngine upande wa pili ambao haujaisha. Jumla 0.60. Kwa 94.50 kovu itabaki ukutani, na segma zitapitisha mafuta tena. Ongeza na chuma kidogo ya kuachia mawe ya kusafisha, 0.05 mm hivi. Kwa hiyo usiulize tu imeisha ngapi. Uliza imeisha upande gani.

Halafu ukuta. Kuongeza 1 mm kwenye upana inatoa 0.5 mm kila upande. Inaonekana kidogo, lakini nyuma ya ukuta kuna maji, na gari nyingi zimetembea miaka mingi na maji ya robine bila dawa ya kutu. Kutu inakula kutoka nyuma, mahali jicho haifiki. Tena, wakati bloki inamwagwa kiwandani, kiini cha mchanga kinaweza kusogea, upande mmoja ukatoka mwembamba. Kipimo cha ultrasoni kinaonyesha unene bila kutoboa. Chukua mahali pembamba kuliko pote, wastani itakudanganya. Kama hakuna chombo hicho, toa vizibo vya maji, kwangua, angalia mashimo ya kutu, na jaribu bloki kwa presha kabla na kisha alezaji.

Angalia pia kichwa cha pistoni ya zamani. Ikiandikwa 0.50 ao 1.00, ujue mtu amekwisha kupita mbele yako.

Sisi mu garaji tulipata bloki kama hii kwa papa mmoja anayebeba samaki kutoka Kasenga mpaka Lubumbashi. Gari ile njo inalipa minervali ya watoto wake. Alikwisha kuambiwa apige zote sita kwa 1 mm. Tukapima. Silinda tano zilikuwa zimeisha kati ya 0.16 na 0.22, ya sita 0.41, karibu yote upande mmoja. Kwa tano, 0.50 ilitosha, kwa shida lakini ilitosha. Ya sita ilihitaji 1.00. Njia zilikuwa mbili: kukata zote 1.00, ao kuweka shemizi kavu mu ile ya sita peke yake na kumaliza zote kwa 94.50. Shemizi inaomba kutoboa zaidi, kwa hiyo tulipima ukuta wa ya sita kwanza. Ulikuwa unene mzuri. Papa akachagua shemizi. Ilimuomba falanga zaidi siku ile, lakini 1.00 imebaki kwa mara ngine. Bloki yake iko na maisha moja ya akiba.

Mambo mawili ya mwisho. Nunua pistoni mbele ya kukata, zikiwa mkononi: fundi anapima kila moja na kukata kufuatana nayo, akiacha nafasi inayoandikwa mu kitabu cha moteri ile. Kukata kwanza na kutafuta pistoni nyuma ni kucheza kamari na bloki.

Na usidanganywe juu ya nguvu. Kutoka 94 mpaka 95 mm, moteri ya 4230 cc inafika 4321 cc hivi, nyongeza ya asilimia 2. Dereva hataisikia kwenye kilima. Tunakata ili kupata ukuta duara na safi tena, na chuma inayobaki tunaiachia fundi atakayekuja nyuma yetu.