Mkimbizi na Ulimi Wake

Mgeni ni kuku mweupe, walinena wahenga. Yaani hata akijichanganya vipi na wenyeji, jicho litamtambua tu. Anayeitazama filamu ya Dheepan atagundua kwamba weupe wa kuku huyo aghalabu hauko manyoyani; uko ulimini.

Filamu hiyo, kazi ya mwelekezi Mfaransa Jacques Audiard, ilitunukiwa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 2015. Ingawa ilitengenezwa Ufaransa, sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kitamil. Kisa chenyewe ni cha mpiganaji wa jeshi la Tamil Tigers la Sri Lanka aliyeshindwa vitani, mwanamke kijana, na msichana wa miaka 9. Watatu hao hawajuani kabisa. Wanapewa pasipoti za familia iliyokwisha kufa, wanajifanya mume, mke na mwana, na kwa hila hiyo wanafika Ufaransa. Mwigizaji mkuu, Jesuthasan Antonythasan, ambaye wasomaji wa Kitamil humjua kwa jina la Shobasakthi, ni mwandishi aliyewahi kulitumikia jeshi hilo katika ujana wake, kisha akawa mkimbizi huko huko Ufaransa.

Vita vilivyowafukuza watu hao vilianza mwaka 1983 na kumalizika Mei 2009. Vilikuwa na visababu vingi, na lugha ilikuwa mojawapo. Mwaka 1956 bunge la Ceylon, kama Sri Lanka ilivyoitwa wakati huo, lilipitisha sheria iliyokifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi ya pekee. Kitamil kilipopewa hadhi ya lugha rasmi katika marekebisho ya katiba ya mwaka 1987, damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Basi Mtamil aliyedharauliwa kwa lugha yake nyumbani anakimbilia ugenini, na huko anakuta lugha hiyo haimfai kwa lolote.

Au tuseme karibu haimfai kwa lolote. Dheepan anapohojiwa na afisa wa uhamiaji, kati yao ameketi mkalimani, naye ni Mtamil. Mkalimani huyo anatambua kwamba hadithi anayosimuliwa ni ya kubuni, naye anamwelekeza Dheepan la kusema, kwa Kitamil, mbele ya afisa asiyeelewa neno. Sisi wanaisimu hupenda kusema kwamba mkalimani ni daraja. Tukio hili linatuonyesha kwamba daraja lina macho na moyo, na kwamba likitaka linaweza kumvusha mtu au kumwangusha mtoni. Hatima ya watu watatu imo kinywani mwa mtu wa nne.

Kuna tukio jingine, dogo, ambalo mtazamaji anaweza kulipuuza. Dheepan, ambaye sasa ni mtunzaji wa majengo katika mtaa wa maskini unaotawaliwa na magenge ya dawa za kulevya, analalamika kwamba watu wakitaniana yeye huelewa maneno lakini haoni kichekesho. Kila aliyejifunza lugha ukubwani anaijua hali hiyo. Msamiati hununuliwa kwa juhudi. Mzaha haununuliwi, hurithiwa au hungojewa miaka.

Mtoto ndiye anayetangulia kukijua Kifaransa, kwa kuwa yeye ndiye aliyepelekwa shule. Punde si punde anakuwa mdomo wa wakubwa wake. Hapo mpangilio wa nyumba unapinduka: wazazi, tena wa kuazima, wanamtegemea mtoto awafasirie dunia. Watoto wengi wa wakimbizi hubebeshwa mzigo huo, na ni mara chache mtu akawauliza kama unawalemea.

Wapo waliolalamika kwamba mwishoni filamu inaiachia bunduki neno la mwisho, na malalamiko yao si ya bure. Baada ya kutuonyesha kwa subira jinsi watu wanavyotafuta namna ya kusemezana, inasikitisha kuona mambo yakiamuliwa kwa risasi. Hata hivyo, dosari hiyo haifuti yaliyotangulia.

Kwetu sisi walimu, filamu hii si ya Paris pekee. Kambi za Dadaab na Kakuma zilianzishwa mwaka 1991 na 1992, na watoto waliokulia humo wameketi katika madarasa yanayofundishwa kwa lugha ambazo mama zao hawakuwabembelezea. Mwanafunzi wa namna hiyo akinyamaza, wepesi wetu ni kuandika kwamba ni mzito wa kuelewa. Huenda anaelewa mengi, ila hajapata lugha ya kuyatolea. Na akija na Kiswahili cha Kongo, tusikimbilie kumcheka mbele ya wenzake. Kiswahili hicho kimemvusha mipaka. Tumsahihishe, ndiyo, kwani hiyo ndiyo kazi tunayolipwa. Lakini kwanza tumsikilize hadi amalize sentensi yake.