Mgema na Walio Chini ya Mti: Kazi, Afya na Ujirani katika Minazi ya Matsangoni

Mwezi Machi 2020, serikali ya Kenya ilipowataka waajiri wawaruhusu wafanyakazi wao kufanyia kazi nyumbani, lilizuka swali lililoonekana jipya: mtu akitenganishwa na wenzake wa kazi, atadumishaje uhusiano nao, na afya yake ataitunzaje? Swali hilo si geni katika pwani ya Kenya. Ipo kazi ambayo tangu zamani hufanywa mbali na watu, ingawa umbali wenyewe haupimwi kwa kilomita bali kwa mita, tena kwenda juu. Kazi hiyo ni ugema.

Matsangoni ni wadi ya eneobunge la Kilifi Kaskazini, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi. Wakazi wake wengi ni Wagiriama na Wamijikenda wengine, na mnazi kwao ni mali, ni chakula na ni kinywaji. Makala haya yanashikilia kuwa kinachomlinda mgema wa huko si wepesi wa mikono na miguu yake pekee, bali ni watu anaofungamana nao chini ya mti; na kwamba watu hao wanapopungua, bado hapajapatikana sheria wala bima iliyochukua nafasi yao.

Mkwezi na mgema

Kiswahili hutofautisha watu wawili ambao mgeni angewadhania ni mmoja. Mkwezi hukwea mnazi kuangua nazi au madafu, akashuka, na mti ule huenda asiurudie ila baada ya miezi kadhaa. Mgema hukwea mti uleule kila siku. Ndiyo sababu mnazi wa mgema aghalabu hukatwa vidato, yaani alama za kukanyagia zilizochongwa shinani hadi karibu na kilele. Mwanafunzi wa Kenya aliyepita kidato cha kwanza mpaka cha nne huenda hajui kwamba neno hilo lilikuwa la wakwea minazi kabla halijawa la shule.

Kazi yenyewe huanza kwenye karara ambalo halijapasuka, yaani lile ganda linalofunika maua machanga ya mnazi. Mgema hulifunga kwa kamba, akalikata ncha kwa kotama, kile kisu chake kilichopinda, kisha akaangika kibuyu au chupa ya plastiki chini ya jeraha. Utomvu hudondoka tone kwa tone. Ukiwa mbichi huitwa tembo tamu. Lakini hamira za asili huanza kuuchachusha palepale, hivi kwamba baada ya saa chache huwa kileo, na ukikawia siku moja au mbili huelekea kuwa siki. Wagiriama hukiita kinywaji hicho uchi, neno linalomshtua Mswahili anayelisikia kwa mara ya kwanza. Wanywaji wa mijini wao hufupisha mambo na kusema mnazi tu, mti ukatoa jina lake kwa kinywaji.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni jeraha. Mgema asipolichonga upya, ijapokuwa ni kwa kulipunguza unene wa ukucha, hukauka na utomvu hukoma. Kwa hiyo hukwea asubuhi na jioni, na wengine huongeza safari ya mchana. Tuchukue mfano wa mgema mwenye minazi 10, kila mmoja wenye urefu wa mita 15, ambao si urefu wa kustaajabisha kwa mnazi wa Afrika Mashariki. Kwa safari mbili kwa siku atapanda mita 300 na kushuka mita 300. Jengo la KICC mjini Nairobi lina urefu wa takribani mita 105. Mgema huyu basi hulipanda karibu mara tatu kila siku, pasipo ngazi wala kamba ya kumshika, huku amebeba kotama na chombo.

Hana Jumapili wala Idi. Homa ikimshika, miti haimngoji apone.

Hatari zenyewe zinajulikana. Wakati wa masika shina huteleza na kidato cha zamani huoza kwa ndani bila kuonekana kwa nje. Upepo wa kusi hutikisa vilele. Nyuki na nyigu hufuata utamu uleule anaoufuata mgema. Safari za alfajiri na magharibi hufanywa katika mwanga hafifu. Pana pia hatari isiyosemwa sana kwa kuonewa haya: mtu anayeshinda na kileo ni rahisi kukizoea, na aliyekizoea hukwea vibaya. Aangukaye kutoka mita 15, akinusurika, huenda akaumia uti wa mgongo na asitembee tena.

Nani yuko chini?

Methali ya Kiswahili inayomtaja mgema ni mashuhuri: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wanafunzi wa sarufi huipenda kwa kile kiambishi -li-, kinacholitenga tembo la kunywa na tembo wa porini. Hata hivyo, yafaa kuuliza ni nani anayesema katika methali hiyo. Ni mnywaji. Yeye yu chini, ana kibuyu mkononi, na wasiwasi wake ni kupunjwa. Shingo ya mgema haimo katika methali. Hilo si la kushangaza, kwani sehemu kubwa ya jamii ya Waswahili ni Waislamu, ambao tembo kwao ni haramu. La kushangaza zaidi ni kwamba kamusi zetu zimeyahifadhi maneno ya ugema kwa wingi vile.

Miongoni mwa Wamijikenda, hata hivyo, tembo lilikuwa gundi ya jamii. Mtafiti Thomas Herlehy, katika makala yake ya mwaka 1984, alionyesha jinsi tembo na undugu wa kuchanjiana ulivyowafungamanisha watu wa pwani katika karne ya 19. David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wa Kaloleni, alieleza jambo la ajabu zaidi. Walikuwapo wanaume waliojitahidi kujilimbikizia minazi na kutajirika kwa mbata. Gharama ya kunywa na kunywesha iliwaelemea. Baadhi yao waliugua, wakaambiwa wamepagawa na pepo wa Kiislamu asiyetaka tembo, na kwa njia hiyo wakapata udhuru wa heshima wa kujitenga na vikao vya unywaji. Lakini hawakuweza kujitenga kabisa, kwa sababu mnunuzi wa minazi alihitaji wazee wa kumshuhudia kwamba miti ni yake.

Maelezo hayo ya Kaloleni yanaiangazia Matsangoni pia. Mgema mara nyingi si mwenye minazi. Hupatana na mwenye miti ama kwa fedha ama kwa kugawana zao, na mapatano hayo huhitaji watu wanaoyajua. Zaidi ya hayo, huhitaji ndugu au mwanafunzi wa kazi awezaye kumpokea miti anapougua. Huyo ndiye bima yake ya kweli. Naye ndiye anayezidi kuwa adimu, kwani kijana aliyesoma hadi kidato cha nne huona afadhali kuendesha bodaboda au kutafuta kazi katika hoteli za Watamu kuliko kurithi kotama.

Simu ya mkononi imeleta nafuu yenye makali mawili. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, mgema aweza kupatana bei na mnunuzi wa Mombasa bila kuonana naye, na mitungi ikachukuliwa kwa pikipiki. Biashara imerahisika, bila shaka. Lakini mnunuzi wa zamani alikuja mwenyewe mpaka shinani, akaketi, akasubiri. Mtu akianguka palikuwa na wa kupiga ukelele. Fedha zinazoingia simuni hazipigi ukelele.

Udhaifu wa mpango huu ulidhihirika mwaka 2020. Tarehe 22 Machi serikali iliamuru baa zote zifungwe. Tarehe 27 ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Na tarehe 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka kaunti ya Kilifi, zuio lililodumu hadi mapema mwezi Juni. Karani wa ofisi aliweza kuibeba kazi yake akaenda nayo nyumbani. Mgema je? Jeraha la mnazi lilidai kuchongwa vilevile, safari za alfajiri na magharibi zilibanwa na kafyu, na mangwe ya kuuzia yalifungwa.

Upande wa sheria, mgema amesimama mahali pasipo na jina. Mkulima wa bangi anajua alipo: sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inamkataza waziwazi, naye hujificha. Mgema hajakatazwa hivyo. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 huitazama biashara ya vinywaji, leseni na muuzaji. Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013 leseni hizo ziko mikononi mwa kaunti. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 nayo humtazama mwajiriwa, na mgema aliyekodi miti hana mwajiri. Kinywaji kimeandikiwa sheria, mkono unaokitoa haukuandikiwa.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Jimbo la Kerala nchini India lilitunga sheria ya mfuko wa ustawi wa wafanyakazi wa tembo mwaka 1969. Mwaka 2011 Bodi ya Maendeleo ya Minazi ya India, yenye makao yake Kochi katika jimbo hilohilo, ilianza kuwafunza vijana kukwea kwa kutumia mashine ya miguu, na mpango huo uliambatana na bima ya ajali. Kenya tangu Oktoba 2024 ina Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo mchango wake kwa asiye na mshahara hukadiriwa kwa kipato chake, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Utaratibu huo waweza kumlipia mgema kitanda cha hospitali. Hauwezi kumpandia miti yake siku anapolala humo.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaokwenda Kilifi kukusanya msamiati wa minazi hurudi na maneno mazuri: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma. Pamoja na majina hayo, wangeuliza pia anaitwaje mtu anayeshika kotama ya mwenzake mgonjwa. Kama jina lipo, kamusi zinalihitaji. Na kama wazee wa Matsangoni wanalikumbuka ilhali vijana hawalijui, basi hilo lenyewe ni data.