Kurusha Picha Bila Waya Darasani: Lango la Kufungua na Ngome ya Kuacha

Nilikwenda kumtathmini mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja karibu na Sanya Juu. Somo lilikuwa Jiografia, mada ya volkano. Alikuwa ameandaa picha za kasoko ya Reusch iliyoko Kibo, mlima ambao wanafunzi wake huuona kila asubuhi bila kupata kuona ndani yake. Picha ikakataa kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye luninga. Robo ya kipindi ikapotea. Mwishowe akazima ngome yote ya kompyuta. Picha ikatokea, na darasa likashangilia.

Mimi sikushangilia. Kompyuta ile ilihifadhi alama za wanafunzi, na mtandao ulitumiwa na simu za kila mgeni.

Ngome ni programu inayolinda malango ya kompyuta. Malango hayo si ya mbao; ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535, na kila kazi ya mtandao ina lango lake. Mwanachuo alidhani, kama wengi wetu tudhanivyo, kwamba kompyuta hupeleka tu na luninga hupokea. Sivyo. Katika utaratibu uitwao Miracast, luninga ndiyo inayobisha hodi kwenye kompyuta, katika lango la TCP 7236, ili wapatane namna ya kupeleka picha. Ngome ikiona mgeni asiyetajwa, humfukuza. Basi kinachotakiwa ni kuruhusu programu ya kurushia picha peke yake, tena katika mtandao uliotambulishwa kuwa wa faragha, si wa umma. Malango mengine yabaki yamefungwa.

Chromecast ina desturi nyingine: kifaa hutafutwa kwa lango la UDP 5353, kisha mazungumzo hupita TCP 8008 na 8009.

Kuna kikwazo kingine ambacho ngome ya kompyuta haihusiki nacho. Ruta nyingi huwatenga wageni wasionane. Hapo, hata ukifungua malango yote, luninga haitaonekana. Mhusika wa mtandao hana budi kuviweka vifaa vyote viwili katika mtandao mmoja usiotenga. Jambo hili hujaribiwa jana yake, si wanafunzi wakiwa wameketi. (Mimi hubeba waya wa HDMI mkobani hata hivyo.)

Jioni ile tuliiwasha tena ngome, tukairuhusu programu moja. Kesho yake kasoko ilionekana dakika ya pili ya kipindi, na mwanafunzi mmoja akauliza kama moto ungalipo chini yake.