Sura ya Saba: Dripu ya Nguvu

Ukikaa dirishani pa famasi muda wa kutosha utagundua kwamba watu wamekwisha kuzipanga dawa kwa madaraja, na hawakumsubiri mfamasia awapangie. Kidonge kiko chini. Sindano iko katikati. Juu kabisa iko dripu. Vidonge hupokewa shingo upande, hata vikiwa ndivyo vinavyotakiwa, sindano hushukuriwa, na aliyetundikiwa dripu, ndugu zake husimulia mtaani kwamba pale hospitali "alihudumiwa kweli". Biashara ya dripu za vitamini, ambayo siku hizi ina vyumba vya viti vya kuegemea na muziki wa chinichini huko Masaki na Kilimani, haikuvumbua imani hiyo. Iliikuta, ikaipandishia bei.

Imani yenyewe ina asili yake, na kwetu asili kubwa ni kwinini. Aliyeugua malaria kali miaka ya nyuma alitundikiwa. Kwinini hushusha sukari ya damu, na ikisukumwa kwa kasi mshipani huweza kuuvuruga moyo; ndiyo maana ilichanganywa kwenye maji ya glukosi ya asilimia 5, ikaachwa idondoke kwa saa nne, kisha ikarudiwa kila baada ya saa nane. Mgonjwa aliingia amebebwa, akatoka anaulizia uji. Kilichomponya ni kwinini. Kilichoonekana ni chupa. Leo malaria kali hutibiwa kwa artesuneti, sindano ndogo ya dakika chache, na utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Afrika na kutangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba inaokoa watoto wengi kuliko kwinini. Hata hivyo mama bado atauliza: "Daktari, hamumtundikii?"

Basi tuifungue hiyo chupa tuhesabu. Lita moja ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, sawa na soda ya nusu lita, na kalori zake hazizidi 200. Hiyo ndiyo "dripu ya nguvu". Sahani ya ugali ina nguvu zaidi. Lita ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Mtu wa presha aliyekatazwa chumvi mezani anaweza kwenda kulipia nusu lita yenye gramu 4.5, na asiionje hata kidogo. Halafu kuna ile ya "kuongeza damu". Hakuna dripu ya vitamini inayoongeza damu. Maji yakiingia mshipani huizimua damu iliyopo, na ukipima wingi wa damu muda mfupi baadaye unaweza kukuta umeshuka.

Mchanganyiko unaouzwa zaidi duniani una jina la daktari: Myers, John Myers wa Baltimore, Marekani, aliyewachoma wagonjwa wake magnesi, kalsi, vitamini C na vitamini za kundi B kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1984. Daktari mwingine, Alan Gaby, alirithi baadhi ya wagonjwa hao, akakadiria kilichokuwamo kwenye mchanganyiko, na mwaka 2002 akaandika makala iliyousambaza. Wauzaji hulitaja jina la Myers kama hati ya ushahidi. Ushahidi ulipotafutwa kwa utaratibu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwagawa watu 34 wenye maumivu sugu ya misuli: wengine walipewa mchanganyiko huo kila wiki kwa wiki nane, wengine maji ya Ringer bila vitamini. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa. Utafiti ni mdogo, hauwezi kufunga mjadala. Lakini unaeleza vizuri kwa nini mteja anaposema "nilijisikia mpya" hasemi uongo. Amelala saa nzima, simu iko mbali, mtu anamjali, na amelipa.

Sasa nifike kwenye fani yangu, na msomaji anivumilie. Hoja ya wauzaji ni kwamba tumbo "hupoteza" vitamini na mshipa hauipotezi. Vitamini C hunyonywa na vibebaji maalumu kwenye ukuta wa utumbo, navyo ni mabawabu wanaojua hesabu. Katika miaka ya 1990 Mark Levine na wenzake, kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, waliwalaza hospitalini vijana saba wenye afya kwa miezi minne hadi sita, wakidhibiti kila walichokula na kuwapandishia kipimo hatua kwa hatua, kutoka miligramu 30 hadi 2,500 kwa siku. Kipimo cha miligramu 200 kilinyonywa chote. Kile cha 1,250 hakikunyonywa hata nusu. Seli nyeupe za damu, hizo zinazotajwa kila tangazo linapozungumzia kinga ya mwili, zilikuwa zimejaa kwa miligramu 100 tu kwa siku. Pera moja la wastani lina kiasi hicho.

Ni kweli, kwa dripu unampita bawabu wa utumbo. Lakini kuna bawabu wa pili. Figo huchuja vitamini C pamoja na maji, kisha huirudisha kwenye damu kwa vibebaji vya aina ileile iliyoko utumboni. Vibebaji vina idadi yake. Vikishajaa, kinachobaki hakirudi; huteremka kwenye kibofu. Mwagia gramu nyingi mshipani, damu itafika kiwango ambacho hakuna kidonge kingekifikisha, na ndani ya saa chache sehemu kubwa itakuwa imekwenda chooni. Vitamini za kundi B hata zinakuachia risiti: ule mkojo wa njano kali ni riboflavini uliyoinunua.

Nilikusudia sasa kwenda kwenye magnesi, kisha zinki, kila kitu kwa zamu yake. Lakini siwezi kuandika juu ya dripu katika Afrika Mashariki nikaruka utafiti wa Kilifi.

Miongozo ya dunia ilisema mtoto mwenye homa kali, mikono baridi na mzunguko dhaifu wa damu asukumiwe maji mshipani kwa haraka. Hakuna aliyekuwa amelipima hilo barabara mahali ambapo watoto wengi wa namna hiyo hulazwa. Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyeko Kilifi, aliongoza jaribio katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura: wa kundi moja walisukumiwa maji ya chumvi, wa pili maji yenye albumini, na wa tatu hawakusukumiwa, ila wote waliendelea kupata dawa na uangalizi uleule. Watoto wenye kuhara hawakuingizwa, maana wao hitaji lao la maji linajulikana. Wengi walitarajia maji yaokoe, swali likiwa ni maji gani. Januari 2011 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi. Kati ya wale ambao hawakusukumiwa chochote, asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto mia waliosukumiwa maji, zaidi ya watatu walikufa ambao wangeweza kuwa hai. Watu wakasema bila shaka mapafu yalijaa maji. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba zaidi ni moyo na mzunguko wa damu vilivyoshindwa, hata baada ya mtoto kuonekana amepata nafuu ya mwanzo.

Mtu mzima mwenye afya aliyeketi Masaki si mtoto mahututi wa Kilifi, na sitaki mtu atumie takwimu hizo kumtisha jirani yake. Ninachodai ni kidogo zaidi: maji ya chumvi, kitu kinachoitwa "maji tu", ni dawa yenye kipimo na madhara, na waliokuwa na hakika nayo walikuwa madaktari, si wauza urembo.

Kuhusu "kuondoa sumu" sina maneno mengi. Uliza sumu ipi, itajwe kwa jina, kisha ipimwe kabla na baada. Dripu za glutathioni za kung'arisha ngozi huuzwa kwa mshipa kwa sababu ikimezwa humeng'enywa. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilitoa onyo juu yake tangu mwaka 2011, ikitaja ngozi na figo miongoni mwa vinavyoweza kudhurika.

Wapo wanaohitaji kwelikweli. Mjamzito anayetapika hata maji. Mgonjwa aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo, anayelishwa kwa mshipa. Mlevi wa miaka mingi aliyechanganyikiwa, ambaye lazima apate thiamini haraka. Asiyeweza kunyonya vitamini B12 huchomwa sindano ya msuli, wala haihitaji chupa. Wote hawa wana tatizo lenye jina, na tumbo lao ama limeshindwa ama haliwezi kusubiriwa.

Asiye na tatizo hilo anabeba hatari pasipo faida. Mshipa uliotobolewa ni njia ya vijidudu. Vitamini C nyingi hugeuka oksaleti, na fuwele zake zimewahi kuua figo za watu. Kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyoenea palipo na malaria ya kale, pwani yetu ikiwemo, kiwango kikubwa cha vitamini C mshipani huweza kuvunja chembe nyekundu kwa wingi. Wengi walio nayo hawajui. Kliniki isiyouliza habari za G6PD wala kupima figo haijui inachokifanya.

Na mwenye kisukari ana lake. Baadhi ya mashine ndogo za kupima sukari huisoma vitamini C kana kwamba ni glukosi. Akitoka kwenye dripu kubwa ya vitamini C akajipima, mashine inaweza kumwonyesha sukari iliyopanda sana wakati iko sawa, au hata imeshuka, naye akajichoma insulini ya kushusha kisichokuwapo. Kwa saa kadhaa, na zaidi kama figo zake ni dhaifu, jibu la kuaminika litapatikana kwa damu iliyopelekwa maabara, si kwa tone la kidoleni.