Mgonjwa anapozimia kwenye kiti cha meno: Lubumbashi, dakika za kwanza ni za kliniki yenyewe

LUBUMBASHI, Haut-Katanga – Mtu anayefika asubuhi kwa daktari wa meno katika mitaa kama Katuba au Kenya mara nyingi hakuja na jino bovu peke yake. Amekesha akishika shavu. Tangu jana hakugusa bukari kwa sababu mdomo ulikataa kufunguka. Amemeza vidonge vya maumivu ambavyo hakumbuki ni vingapi, akapanda pikipiki ya manseba, na sasa anaitazama sindano. Akizimia kabla jino halijaguswa, hakuna wa kushangaa.

Kuzimia ndiyo dharura inayotokea mara nyingi zaidi katika vyumba vya madaktari wa meno, na dawa yake haiuzwi farmasi. Kiti kinalazwa, miguu inainuliwa juu ya usawa wa moyo, nguo za shingoni zinalegezwa. Wengi hurudiwa na fahamu ndani ya dakika moja au mbili. Kosa lililozoeleka ni kumwacha mgonjwa ameketi wima, watu wakimpepea na kumwagia maji usoni, huku ubongo ukikosa damu. Mwanamke mwenye mimba kubwa yeye hulazwa kwa ubavu wa kushoto, maana akilala chali uzito wa tumbo hubana mshipa unaorudisha damu moyoni.

Asiyezinduka haraka ana jambo lingine, na hapo ndipo kazi huanza.

Dharura kubwa hazitokei kila wiki. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuona mgonjwa aliyesimama moyo kitini kwake, na kwa sababu hiyo mikono husahau. Katika mji ambako hakuna wa kuahidi kwamba gari la wagonjwa litafika ndani ya dakika tano, na ambako njia ya kwenda Hospitali ya Jason Sendwe inaweza kuwa imejaa magari, dakika za mwanzo ziko mikononi mwa watu waliomo chumbani: daktari, msaidizi wake, na yule anayeandika majina ya wagonjwa mlangoni.

Maswali kabla ya sindano

Dharura nyingi zingeweza kujulikana kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Je, ana tansio? Kisukari? Pumu? Kifafa? Amewahi kuugua moyo? Ana mimba? Kuna dawa iliyowahi kumvimbisha? Anameza dawa gani sasa, zikiwemo zile za kufanya damu iwe nyepesi?

Wagonjwa hawasemi yote. Wengine huona kwamba tansio ni habari ya daktari mwingine, kwani wao wamekuja kwa jino. Wengine huogopa kurudishwa nyumbani na maumivu yao. Hofu hiyo ina msingi: kliniki nyingi huahirisha kazi isiyo ya haraka kipimo cha tansio kikifika 180 kwa 110. Lakini maumivu yenyewe hupandisha tansio, kwa hiyo kupima mara moja na kumfukuza mtu si uganga. Anapumzishwa, anapimwa tena.

Mwenye kisukari ndiye anayeweza kupotea kwa jambo dogo kuliko wote. Amejidunga insulini asubuhi kama kawaida, ila hakula kwa sababu ya jino. Sukari inashuka. Anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, pengine anakuwa mkali hata watu wadhani amelewa. Kama bado anaweza kumeza, vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, au soda ya kawaida, vinatosha kumrudisha. Akishapoteza fahamu, hapewi kitu chochote mdomoni, kwa sababu kitaingia kwenye mapafu. Hapo inahitajika glukosi ya mshipani au sindano ya glukagoni.

Kuna swali moja ambalo kwa Kongo halipaswi kukosekana: SS. Nchi hii, pamoja na Nigeria na India, ni kati ya zile zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu. Kwao, jino lililooza ni mlango wa maambukizi, na maambukizi, kiu na baridi vinaweza kuamsha maumivu makali ya mwili mzima. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi ni baridi kweli. Mtoto wa SS aliyetolewa nyumbani alfajiri akae saa nyingi kwenye benchi bila maji wala blanketi, ameshaanza kuumwa kabla ya zamu yake.

Ganzi, kipimo chake na mzio

Wagonjwa wengi husema ganzi huwakataa. Mzio wa kweli wa lidokaini ni nadra. Mara nyingi kilichotokea ni hofu, au dawa kuingia kwenye mshipa wa damu na adrenalini iliyochanganywa humo kuufanya moyo ukimbie. Ndiyo maana daktari makini huvuta bomba nyuma kwanza kuona kama damu inaingia, kisha husukuma dawa polepole.

Watoto wanahitaji hesabu. Kichupa cha mililita 1.8 cha lidokaini ya asilimia 2 kina miligramu 36. Kipimo cha tahadhari ni miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 basi asizidishe miligramu 66, na vichupa viwili tayari ni 72. Daktari anayetaka kung'oa meno manne pande mbili kwa siku moja, ili mama asilipe nauli mara mbili, anaweza kupita mpaka huo kwa nia njema kabisa. Dalili ni midomo kufa ganzi pande zote, usingizi, kisha degedege.

Degedege nalo lina desturi zake mbaya. Kijiko hakitiwi mdomoni. Huvunja meno na hakizuii ulimi chochote. Vyombo vinaondolewa, kiti kinashushwa, saa inaangaliwa, na likikoma mgonjwa anageuzwa ubavu. Likipita dakika tano ni dharura ya hospitali.

Mzio mkali mara nyingi hutokana na kitu kingine: dawa za jamii ya penisilini, au hata glavu za mpira. Midomo inavimba, mwili unatoka vipele, pumzi inapiga filimbi, tansio inaanguka. Dawa ni adrenalini, nusu miligramu kwa mtu mzima, ndani ya msuli wa paja upande wa nje, na inarudiwa baada ya dakika tano kama hali haijabadilika. Wengi huanza na dawa ya mzio ya kawaida au haidrokotisoni na kuiweka adrenalini akiba. Hizo huchelewa kufanya kazi, na mgonjwa hana muda huo.

Adrenalini si dawa ya gharama kubwa. Ukiongeza aspirini, pampu ya salbutamoli, dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, midazolamu ya degedege, sukari na oksijeni, sanduku la dharura limekaribia kujaa. Lubumbashi ni mji wa wachomeleaji na mtungi wa oksijeni si kitu kigeni hapa, ila ule wa gereji si wa mgonjwa. Ugumu mwingine ni tarehe: ampuli hukaa kabatini hadi inaharibika, kwa kuwa hakuna aliyepewa kazi ya kuikagua.

Moyo ukisimama, hakuna kumshusha mgonjwa sakafuni. Kiti kinalazwa tambarare, stuli inawekwa chini ya mgongo wa kiti kisinese, na kifua kinasukumwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, misukumo 30 kwa pumzi mbili.

Asiyepaswa kulazwa

Kuna mgonjwa mmoja ambaye kanuni ya kulaza itamuua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kanda ya Afrika ndiyo yenye madaktari wa meno wachache zaidi kwa idadi ya watu, na watu huchelewa kufika. Jipu la gego la chini hupita taya na kushuka shingoni. Chini ya kidevu panavimba pande zote mbili na kuwa pagumu kama ubao, ulimi unainuliwa juu, mate yanadondoka kwa sababu hayamezeki, sauti inabadilika. Daktari wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na bado unaitwa kwa jina lake.

Kliniki ya mtaani haina la kumfanyia kwenye kiti, na kungoja vidonge vya siku tano vifanye kazi ni kumpoteza. Anapelekwa hospitali kubwa saa hiyo hiyo, mtu akitangulia kupiga simu ili wapasuaji na wataalamu wa usingizi wajue anakuja. Njiani anakaa wima, hata kama ni kwenye kiti cha nyuma cha teksi, na aliyemsindikiza asimruhusu ajinyooshe kwa kuwa amechoka.